EXW, FCA, FOB, CIF au DDP: Uchague Sharti Gani Unapoagiza Mzigo wa Kontena

Muuzaji wa Ningbo, mji wa bandari Uchina, anapokutumia ankara ya awali yenye bei mbili, dola 18,650 FOB Ningbo (mzigo ukiwa umepakiwa melini) na dola 20,900 CIF Dar es Salaam (pamoja na bima na nauli), amekuwekea mikataba miwili mezani. Katika ule wa kwanza wewe ndiye unayechagua meli, wakala na bima. Katika wa pili anachagua yeye, na gharama za uchaguzi wake utazikuta bandarini.

Herufi hizo tatu zinatoka kwenye Incoterms, kanuni zinazotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao yake Paris. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1936. Linalotumika sasa lilianza tarehe 1 Januari 2020 na lina masharti 11. Saba yanafaa kwa usafiri wa aina yoyote: EXW, FCA, CPT, CIP, DAP, DPU na DDP. Manne yaliyobaki, FAS, FOB, CFR na CIF, ni ya majini peke yake.

Kila sharti linaeleza mambo matatu: nani anafanya kazi gani, nani analipa nini, na ni wapi hatari ya mzigo kupotea au kuharibika inapotoka kwa muuzaji na kumwangukia mnunuzi. Hayaelezi mali inakuwa yako lini, wala malipo yafanyike vipi, wala utafanya nini ukifungua kontena ukakuta bidhaa si zile ulizoagiza. Hayo yaandikwe kwenye mkataba wenyewe. Mtu anayedhani CIF maana yake ni kwamba muuzaji anawajibika mpaka mzigo ufike ndiye anayeumia kuliko wote, kwa sababu chini ya CIF hatari inakuwa yake tangu mzigo ulipopakiwa melini Uchina.

| Sharti | Hatari inahamia kwako wapi | Nauli kuu | Bima | Forodha ya kutoka | Forodha ya kuingia |
|---|---|---|---|---|---|
| EXW | Kiwandani, kabla ya kupakiwa | Mnunuzi | Hakuna anayelazimishwa | Mnunuzi | Mnunuzi |
| FCA | Ukikabidhiwa msafirishaji wako | Mnunuzi | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Mnunuzi |
| FOB | Ukiwa ndani ya meli | Mnunuzi | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Mnunuzi |
| CFR | Ndani ya meli, bandari ya kupakia | Muuzaji | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Mnunuzi |
| CIF | Ndani ya meli, bandari ya kupakia | Muuzaji | Muuzaji, kinga ndogo (C) | Muuzaji | Mnunuzi |
| CPT | Kwa msafirishaji wa kwanza | Muuzaji | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Mnunuzi |
| CIP | Kwa msafirishaji wa kwanza | Muuzaji | Muuzaji, kinga pana (A) | Muuzaji | Mnunuzi |
| DAP | Unakofikia, ukiwa bado juu ya gari | Muuzaji | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Mnunuzi |
| DPU | Unakofikia, ukishashushwa | Muuzaji | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Mnunuzi |
| DDP | Unakofikia, ukiwa bado juu ya gari | Muuzaji | Hakuna anayelazimishwa | Muuzaji | Muuzaji |

FAS haijawekwa kwa kuwa haimhusu mwagizaji wa kontena: mzigo unaachwa ubavuni mwa meli gatini, na hutumika zaidi kwa shehena ya kichele na mitambo mizito.

Itazame safu ya pili pamoja na ya tatu. Katika CFR, CIF, CPT na CIP muuzaji analipa nauli mpaka mwisho wa safari, lakini hatari inamtoka mwanzoni kabisa. Ni masharti haya manne tu ambayo gharama na hatari zinaachana njiani, na ndiyo yanayoleta ugomvi mwingi.

## EXW dhidi ya FCA

EXW ndiyo bei ndogo kuliko zote kwenye karatasi. Muuzaji anakuwekea mzigo kiwandani kwake, basi. Hata kuupakia kwenye lori si kazi yake. Wafanyakazi wake wakikusaidia na folklifti ikaangusha paleti ya mizigo, hasara ni yako.

Tatizo kubwa zaidi ni forodha ya kutoka. Uchina, anayetamka mzigo wa kwenda nje ni kampuni iliyosajiliwa kule. Kampuni yako ya Mwanza au Mombasa haiwezi kusimama mbele ya forodha ya Uchina kama msafirishaji. Kwa hiyo wakala huazima karatasi za kampuni nyingine yenye haki ya kuuza nje. Mzigo unaondoka, ila jina la muuzaji kwenye ankara ni moja, jina kwenye tamko la forodha ni jingine, na pengine la tatu linajitokeza kwenye hati ya shehena (bill of lading). Ukifika Dar es Salaam au Mombasa, majina yasiyolingana yanazaa maswali, na kila siku ya kujibu maswali ni siku ya storeji.

Lipo na la bei. Kiwanda kinachouza nje kwa jina lake kinaweza kudai kurudishiwa VAT ya Uchina, au sehemu yake. Mzigo ukitoka kwa karatasi za kuazima, kiwanda kinapoteza haki hiyo. Ndiyo maana kiwanda kizuri mara nyingi hukupa FCA au FOB kwa nyongeza ndogo kuliko ile ambayo ungeitumia mwenyewe kulipa lori na forodha.

FCA ina sura mbili, na lazima useme unataka ipi. Ukiandika mahali pa makabidhiano ni kiwandani kwa muuzaji, yeye anapakia kwenye lori lako na anamaliza forodha ya kutoka. Ukiandika mahali pengine, kama yadi ya makontena ya bandari au ghala la wakala wako, yeye anauleta hapo kwa lori lake, na kushusha ni juu yako. "FCA China" bila anwani ni maneno matupu.

EXW inabaki na faida sehemu moja: ukinunua sokoni kwa wauzaji 15 tofauti, kila mmoja katoni chache, na hakuna hata mmoja mwenye usajili wa kuuza nje. Hapo huna budi kukusanya mwenyewe. Soko la Yiwu lina utaratibu halali wa biashara ya namna hiyo, unaofahamika kwa namba 1039, wenye kikomo cha dola 150,000 kwa kila tamko. Muulize wakala wako moja kwa moja kama anautumia huo au anaazima karatasi. Kwa ununuzi mwingine wowote, kataa EXW na omba FCA.

## FOB dhidi ya FCA kwa kontena

FOB ilizaliwa wakati mizigo ikinyanyuliwa kwa winchi moja kwa moja kutoka gatini hadi melini. Kontena haliendi hivyo. Kiwanda kinalijaza, kinafunga lakiri, linapelekwa yadi ya bandari na kukaa hapo siku kadhaa kabla ya meli kufunga gati. Chini ya FOB hatari ya siku hizo zote ni ya muuzaji, ingawa mzigo umeshatoka mikononi mwake. Chini ya FCA imeshahamia kwako tangu kontena lilipokabidhiwa.

Ukisikia hivyo utasema FOB inakulinda zaidi. Kwa kanuni ni kweli, ila jaribu kuithibitisha. Kontena limefungwa kwa lakiri, umelifungua Tandika, vigae 200 vimevunjika. Vilivunjika yadini Ningbo au baharini? Hakuna anayejua, na muuzaji atasema baharini. Bima yako nayo, kama uliikata kwa msingi wa FOB, kwa kawaida inaanza pale hatari inapokuwa yako, yaani ndani ya meli. Kipande cha kutoka kiwandani hadi melini hakina mwenyewe isipokuwa muuzaji awe na bima yake, na wengi hawana. Kwa FCA, bima yako inaanzia mahali pa makabidhiano na kuja moja kwa moja hadi ghalani kwako, bila pengo.

Chemba ya Kimataifa yenyewe inashauri FCA kwa makontena. Wauzaji wameendelea kung'ang'ania FOB kwa sababu benki zinazolipa kwa barua ya mkopo (LC) hudai hati ya shehena inayoonesha mzigo umeshapakiwa melini, na chini ya FCA muuzaji alikuwa haipati. Toleo la 2020 limelitatua: mnakubaliana kwenye mkataba kwamba wewe utaiagiza kampuni ya meli impe muuzaji hati hiyo. Kiwanda kikigoma kabisa kubadili FOB, usivunje biashara kwa hilo. Mtake akuoneshe bima yake ya kipande cha nchi kavu, upige picha kontena likijazwa, na namba ya lakiri iandikwe kwenye ankara.

Kuna mizigo ambayo FOB bado ni yake kwa haki: klinka, ngano, chuma kisichowekwa kwenye kontena, na magari yanayoingia melini yakiendeshwa. Wauzaji wa magari ya Japani huandika "C&F Mombasa"; hilo ni jina la zamani ambalo halimo kwenye Incoterms. Mwambie aandike CFR.

## FOB au FCA dhidi ya CIF

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tupige hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, za kuonesha mahali gharama zinapojificha. Uweke za kwako. Kontena moja la futi 20, kutoka Yiwu kupitia Ningbo hadi Dar es Salaam.

| | EXW Yiwu | FOB Ningbo | CIF Dar es Salaam |
|---|---|---|---|
| Bei ya muuzaji | 18,000 | 18,650 | 20,900 |
| Lori, forodha na ada za bandari Uchina | 750 | imo | imo |
| Nauli ya meli | 2,400 | 2,400 | imo |
| Bima unayokata nyumbani | 90 | 90 | 90 |
| Ada za wakala wa meli Dar es Salaam | 380 | 380 | 760 |
| Jumla, dola, kabla ya kodi | 21,620 | 21,520 | 21,750 |

CIF ya dola 20,900 ilionekana nafuu ukiilinganisha na FOB pamoja na nauli na bima, yaani dola 21,140. Mwisho wa safari imekuwa ghali zaidi kwa dola 230. Tofauti imetoka kwenye mistari miwili ambayo haikuwamo kwenye ankara ya awali.

Mstari wa kwanza ni ada za wakala wa huku. Muuzaji anayekata nauli hutafuta wakala wa bei ya chini kabisa, na wakala huyo hujilipa kupitia mshirika wake wa Dar es Salaam au Mombasa. Kwenye mzigo wa kuchangia kontena hali ni mbaya zaidi. Nauli yake hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipiwa, na mawakala wa Uchina huweza kumpa muuzaji nauli karibu na bure. Kisha mshirika wa huku anakutoza kufungua kontena, kugawa mizigo, hati ya kutolea mzigo, karatasi, ushughulikiaji, kila kimoja kwa mita ya ujazo. Huna mkataba naye, hukumchagua, na bila hati yake mzigo hautoki. Bei yake unaijua meli ikiwa imeshatia nanga na siku za bure zinahesabika.

Siku za bure zenyewe ni jambo la kupigania. Anayekata nafasi melini ndiye anayejadiliana na kampuni ya meli kontena likae siku ngapi kabla ya demareji, yaani tozo ya kulichelewesha, kuanza. Ukikata mwenyewe unaweza kuomba 14 badala ya 7. Muuzaji wa CIF hana sababu ya kukuombea. Demareji haimuumi yeye. Wala meli polepole inayobadilisha mizigo bandari mbili njiani haimuumi, maana wajibu wake uliisha pale Ningbo.

CIF ina nyakati zake. Ni agizo lako la kwanza, dogo, na huna wakala unayemwamini Uchina. Au ni msimu ambao nafasi melini ni adimu, na kiwanda kikubwa kina mkataba wa mwaka na kampuni ya meli, hivyo kinapata nafasi usiyoweza kuipata. Ukiichukua, kabla hujatuma malipo ya awali pata kwa maandishi: jina la kampuni ya meli, kama meli inakuja moja kwa moja, siku za bure ni ngapi, nani wakala wa huku, na orodha ya ada zake zote. Hati ya shehena nayo ioneshe kwamba nauli imeshalipwa. Muuzaji ambaye hajailipa kampuni ya meli anakuachia wewe deni hilo ukitaka kontena.

Mstari wa pili ni bima.

## Bima iliyomo kwenye CIF haitoshi

Chini ya CIF muuzaji anatakiwa kukata bima ya asilimia 110 ya thamani ya mkataba, lakini kwa kinga ya chini kabisa, ile ya Vifungu C vya bima ya shehena. Vifungu C vinalipa ajali kubwa: moto au mlipuko, meli kuzama, kupanda mwamba au kupinduka, kugongana, lori kupinduka au treni kuacha reli, mzigo kutoswa kwa makusudi ili kuokoa meli, na mchango wa hasara ya pamoja, utakaoelezwa hapa chini.

Soma sasa visivyomo: wizi, maji ya mvua, maji ya bahari kuingia ndani ya kontena, kontena kuchukuliwa na mawimbi likaanguka baharini, mzigo kuangushwa wakati wa kupakia au kupakua. Hivyo ndivyo vinavyompata mfanyabiashara wa kawaida. Vifungu B vinaongeza baadhi, kama kusombwa na mawimbi na kuingiwa na maji ya bahari. Vifungu A vinakinga hasara zote isipokuwa zilizotajwa kuwa hazimo, kama ufungashaji hafifu, kasoro ya bidhaa yenyewe, na ucheleweshaji. Vita na migomo hukatiwa kando hata ukiwa na A. Toleo la 2020 limeipandisha CIP kuwa Vifungu A, ila CIF imeachwa kwenye C.

Juu ya hayo, sheria za Tanzania na Kenya zinataka bima ya mzigo unaoingia nchini ikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa humu. Kenya ilitangaza kulisimamia hilo kuanzia Januari 2017. Kwa hiyo mwagizaji wa CIF analipa bima mara mbili: ile dhaifu iliyomo kwenye bei, na ile ya nyumbani. Kama kuna sababu ya kumwachia muuzaji akate nauli, mwombe CFR, au kwa kontena CPT, ukate bima yako ya Vifungu A. Kwa mzigo wa thamani ya dola 21,140, kiwango cha kukatia kwa asilimia 110 ni dola 23,254.

Kwa wanaoona bima ni mzigo wa bure, meli ya makontena ya Ever Given ni mfano wa kuukumbuka. Ilikwama mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, ikanasuliwa tarehe 29, na Misri ikaizuia mpaka tarehe 7 Julai. Mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, maana yake kila mwenye mzigo achangie gharama za uokoaji hata kama kontena lake halikuguswa. Mwenye bima, kampuni yake inamwandikia dhamana. Asiye na bima huwekwa kizuizini mzigo wake mpaka alete fedha taslimu.

## Sharti na hesabu ya kodi

Forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya 2004, hukokotoa ushuru juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandari ya kuingilia. Haijalishi ulinunua EXW au CIF, msingi ni uleule. Kwa mfano wetu wa FOB: 18,650 jumlisha 2,400 na 90 ni dola 21,140. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 5,285. VAT ya Tanzania Bara, asilimia 18, inatozwa juu ya 26,425, yaani dola 4,756.50. Tozo nyingine zinaongezwa hapo.

Kosa linaloumiza ni ankara isiyotaja sharti. Afisa akiona bei tupu anaweza kuichukulia kuwa ni ya FOB na kuijumlishia nauli, wakati nauli ilishakuwamo. Utalipa ushuru na VAT juu ya nauli mara mbili. Mtake muuzaji wa CFR au CIF avunje ankara mistari mitatu: bidhaa, nauli, bima.

Cheti cha ubora kinachotolewa kabla ya mzigo kusafirishwa, kile cha mpango wa TBS au KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, pia kina mwenyewe. Ukaguzi unaotakiwa na nchi ya mnunuzi ni gharama ya mnunuzi katika masharti yote isipokuwa DDP. Lakini mkaguzi anaingia kiwandani kwa muuzaji, kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba muuzaji ataomba ukaguzi, atatoa ripoti za maabara, na kontena halitafungwa kabla ya mkaguzi kuridhika. Malipo yaliyobaki baada ya yale ya awali yasitoke kabla ya cheti hicho kuonekana.

## DAP, DPU na DDP: mpaka mlangoni

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Kamukunji anaijua DDP hata kama hajawahi kulisikia jina lake: unamlipa msafirishaji kiasi fulani kwa kilo au kwa mita ya ujazo, kila kitu kimo, unachukua mzigo ghalani. Ni rahisi mno, na kwa sampuli au mzigo mdogo wa matumizi yako haina shida.

Kwa biashara iliyosajiliwa, tamko la forodha halina jina lako. Namba ya mlipakodi iliyotumika ni ya mtu mwingine. Kwa hiyo VAT iliyolipwa bandarini huwezi kuidai, na mkaguzi wa kodi akiingia dukani akauliza ushahidi kwamba bidhaa hizi zililipiwa ushuru, huna karatasi ya kumpa. Muuzaji wa nje, kwa upande wake, kwa kawaida hana usajili wa kodi huku, hivyo DDP yake inategemea mtu wa katikati. Mtu huyo akitamka thamani ya chini, bidhaa zinazokamatwa ni zako. Chagua DAP badala yake: muuzaji anabeba safari yote na hatari yake, wewe unatamka forodha kwa jina lako.

DAP na DPU zinatofautiana kwa jambo moja, kushusha. Kwa DAP lori linasimama mlangoni na kazi ya muuzaji imekwisha. Kama ni jenereta la tani 8, kreni ni yako, na foleni ya lori likisubiri kreni ni yako pia. Kwa DPU anashusha yeye. DPU ilichukua nafasi ya DAT ya toleo la 2010, ambayo ilitaka mzigo ushushwe kwenye kituo cha mizigo (terminal).

## Mzigo wa kwenda bara

"CIF Kampala" na "CIF Lubumbashi" huandikwa kila siku, na hazina maana, kwa kuwa CIF inaishia bandari ya bahari au maji ya ndani. Kwa Nairobi kwenye bandari kavu ya Embakasi, Kampala, Kigali au Lubumbashi, chaguo halisi ni CPT au CIP upande mmoja, na DAP upande mwingine.

Bei ya CPT Lubumbashi na ya DAP Lubumbashi inaweza kukaribiana sana. Ila lori likipinduka mlima Kitonga, chini ya CPT mzigo uliopinduka ni wako tangu ulipokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza Uchina. Chini ya DAP ni wa muuzaji, naye ndiye wa kukuletea mwingine au kurudisha fedha. Kwa njia ndefu ya lori, lipa nyongeza upate DAP, au chukua CPT ukiwa na bima ya Vifungu A inayofika mpaka ghalani.

DAP inamtaka muuzaji amalize na forodha za njiani, kwa hiyo karatasi za Tunduma na Nakonde, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni zake. Kasumbalesa, mpaka wa kuingia Kongo, ni yako. Ukichelewesha nyaraka pale, hatari inahamia kwako hata kama lori halijafika Lubumbashi, na malipo ya lori kusubiri yanakuandama. Kwa mnunuzi wa Uganda au Rwanda lipo jambo jingine: chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, kodi zinalipwa mzigo ukiwa bado Mombasa au Dar es Salaam. Unalipa kodi ya bidhaa ambazo kwa DAP bado ziko kwenye hatari ya muuzaji. Ziingize fedha hizo kwenye mpango wako mapema.

Kontena tupu nalo lazima lirudi pwani. Incoterms hazitaji nani anaweka amana ya kontena wala nani analipa likichelewa kurudi. Andikeni.

## Ukiwa wewe ndiye unayeuza nje

Mizani inageuka. Kahawa ya eneo letu hunukuliwa kwa FOB Mombasa, Dar es Salaam au Tanga, na kontena la futi 20 huchukua magunia yapatayo 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Chini ya FOB unabeba hatari ya kontena likisubiri meli yadini, pamoja na unyevu unaojikusanya ndani. FCA kwenye yadi inakutoa mapema zaidi. Kampala wapo wanaonukuu "FOT" (mzigo ukiwa umepakiwa kwenye lori), sharti lililoondolewa mwaka 1990. "FOB Kampala" nayo haina bandari ya bahari. FCA Kampala inasema kilekile kwa usahihi. Parachichi au maua ya kwenda kwa ndege pia ni FCA, kwa jina la uwanja wa ndege, kamwe si FOB. Na usimuuzie mnunuzi wa Ulaya kwa DDP kama huna usajili wa forodha na VAT kule.

## Namna ya kuliandika

Sharti linaandikwa na vitu vitatu: herufi, mahali kamili, na toleo. Bila mwaka, mmoja atasoma la 2010 na mwingine la 2020, na tofauti ya bima ya CIP peke yake inatosha kuwafikisha kwa wakili. Kwa masharti yanayoanza na C taja sehemu mbili, ya makabidhiano na ya kufikia. Mkataba wa kontena la mfano wetu ungesomeka hivi:

"FCA, yadi ya makontena iliyotajwa na wakala wa mnunuzi, bandari ya Ningbo, Incoterms 2020. Muuzaji atamaliza forodha ya kutoka kwa jina lake, na atalipa ada zote za bandari ya Ningbo. Mnunuzi ataiagiza kampuni ya meli impe muuzaji hati ya shehena inayoonesha mzigo umepakiwa. Ukaguzi wa ubora utafanyika kabla ya kontena kufungwa lakiri, na namba ya lakiri itaandikwa kwenye ankara."